Yai Lililozama

Ain Tarfa, 8 Januari 1975

Mdogo wangu Naziha,

Pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na za Shangazi Mabruka ambaye mgongo unamsumbua lakini ulimi hausumbuki hata kidogo. Sisi wazima. Zeituni ndizo si nzima.

Jumapili nilifungua pipa la kwanza nimwonjeshe yule mnunuzi wa Bizerta. Unajua zeituni yetu ikiumwa kwa meno hulia, hata aliye chumba cha pili anaisikia. Hii haikulia. Ilipondeka mdomoni, nikabaki na kokwa na ngozi. Mnunuzi akatema, akafuta mdomo, akaondoka bila kumaliza chai. Nikafungua mapipa mengine. Yote saba ni hivyo hivyo, na juu ya maji kuna utando wa rangi ya waridi unaoteleza. Tangu babu yetu haijatokea.

Shangazi alitazama ule utando akasema hiyo ni damu. Anasema aliyetia mkono kwenye mapipa hakuwa safi. Unajua Rafika mimba yake iliharibika mwezi wa kumi, na zeituni zilitiwa mwezi huo huo, maana Mama alishakufa na hakukuwa na mwanamke mwingine wa kuzitia. Shangazi anasema Rafika hakuwa amemaliza siku zake. Sasa amewaambia majirani, na majirani wananiambia nimrudishe kwao kabla hajaharibu na ng'ombe.

Hapo Rafika ameacha kuandika. Nimemwambia aendelee, barua ni yangu.

Naziha, mimi niliishia darasa la pili, hata jina langu silijui likiandikwa. Wewe ndiye tuliyekupeleka mbele. Nakuletea chupa moja kwa dereva wa basi. Itie kwenye hadubini yako huko maabara uniambie hiki kitu ni nini na kimetoka wapi. Sitaki kumrudisha mke wangu. Lakini nataka kitu cha kuwajibu hawa watu.

Kaka yako Shadhli, ametia kidole gumba.

Wifi, maneno ni yake, mwandiko ni wangu kama siku zote. Chupa niliijaza kwa kijiko, sikuigusa kwa mkono. Tazama vizuri. Rafika.


Tunis, 21 Januari 1975

Kaka Shadhli,

Chupa ilifika salama. Kwanza kabisa, na Rafika alisome hili kwa sauti: si damu. Hakuna hata tone la damu ndani yake.

Ni chachu, ndugu wa hamira mnayotia kwenye mkate, ila hii ina rangi ya waridi. Niliipanda kwenye sahani ya kioo, siku ya nne ikaota vitone vinavyong'aa. Ni kiumbe hai, kidogo mno, hakionekani bila hadubini. Hakina mdomo wala meno, kwa hiyo hakiwezi kuuma zeituni. Kinachofanya ni kutema vimeng'enya nje ya mwili wake, na hivyo vimeng'enya ndivyo vinavyofanya kazi. Zeituni inasimama kwa sababu ya nyuzi zake, zimeshikana ndani kwa ndani na kugandishwa pamoja. Vimeng'enya vinazikata nyuzi hizo vipande vipande mpaka ziwe sukari, kisha chachu inainywa sukari. Nilitengeneza sahani nyingine yenye nyuzi za mmea nikamwagia rangi. Kila mahali chachu ilipokaa pamebaki duara jeupe, kwa sababu nyuzi zimeliwa na rangi haina pa kushika. Ndiyo maana zeituni zenu zimebaki ngozi tu.

Umeuliza imetoka wapi. Hii chachu inaishi karibu kila mahali: kwenye majani, kwenye vumbi, hewani, kwenye ngozi na mikono ya watu. Kwa nini imeshamiri mwaka huu na si mwaka mwingine, siwezi kusema kwa hakika. Yanaweza kuwa mambo mengi. Bado natazama.

Mwaka huu sugueni mapipa kwa maji ya moto, na ile kata ya maji ya kale ambayo Mama alikuwa akiihamishia kwenye mapipa mapya, imwageni. Shangazi mwambie dunia imeendelea.

Dada yako Naziha.


Majaz, 2 Februari 1975

Wifi Naziha,

Nakuandikia kutoka nyumbani kwa baba yangu.

Barua yako niliisoma uani mbele ya Shadhli, Shangazi na majirani watano waliokuja kusikia maabara inasemaje. Niliposoma "si damu" Shadhli alishusha pumzi, akanitazama, karibu acheke. Nikaendelea. Lile neno "mikono" nililiona kabla sijalifikia. Ningeweza kuliruka, hakuna pale aliyejua kusoma. Sikuliruka.

Shangazi akasema, "Rudia hapo." Nikarudia.

"Haya, mikono ya nani iliyoingia kwenye mapipa?"

Akapiga paja, akasema, "Mimi mnaniita mzee wa kale. Sasa hata mashine ya Tunis imesema mikono. Mnataka nani tena aseme?"

Shadhli alitazama mikono yangu, na karatasi yako ilikuwa humo. Kesho yake alinileta hapa na godoro langu na sanduku. Hakimu wa Testur ametuita tarehe sita Machi. Atatuuliza kama bado kuna suluhu, na tusipoipata ataandika talaka. Mpaka siku hiyo mimi ni mkewe.

Wifi, unaikumbuka barua yako ya Mei? Ninayo. Mama alikuwa hajui kusoma, nilimsomea mimi, na akaomba nirudie. Daktari alikuwa amemkataza chumvi kwa sababu ya shinikizo la damu, na wewe ukaandika: "Mwaka huu tieni nusu ya chumvi kwenye mapipa yote, hata walaji wa mjini wanaugua kwa chumvi. Hiyo habari ya yai lazima lielee ni ushamba, niamini mimi niliyesoma." Mama alicheka sana. Kumbuka maisha yake yote alitia chumvi mpaka yai libaki juu ya maji likionyesha utosi, ndipo anafunga pipa. Lakini mwezi wa Ramadhani, wiki ile aliyokufa, alinishika mkono akasema, "Fanya kama Naziha alivyoandika. Yule mtoto amesoma."

Nikatia nusu. Yai lilizama mpaka chini likalala ubavu. Nililitazama pale chini na moyo wangu ulikataa, ila nilikuwa na barua na nilikuwa na wosia.

Sijamwambia Shadhli. Nikisema mimi, itakuwa namsingizia dada yake ili niokoke. Ukisema wewe, ataamini hapo hapo. Nadhani unajua tayari. Mtu aliyeona nyuzi zinavyokatwa hawezi kukosa kuona chumvi.

Sema wewe. Nasubiri.

Rafika.


Tunis, 11 Februari 1975

Mpenzi wifi Rafika,

Barua yako imenihuzunisha sana. Vumilia. Shadhli ana hasira za siku mbili, unamjua, na shangazi atachoka.

Kuhusu ile habari ya chumvi, huenda ni kweli na huenda si kweli. Kazi yetu haituruhusu kusema jambo kabla ya kulipima. Nimeanza jaribio, linahitaji majuma kadhaa. Likikamilika nitamwandikia Shadhli kwa utaratibu.

Kwa sasa tafadhali usimwonyeshe mtu ile barua ya Mei, watu hawataielewa. Au bora zaidi nitumie, niitunze mimi.

Wako Naziha.


Ain Tarfa, 22 Februari 1975

Mdogo wangu Naziha,

Anayeandika leo ni Hassuna wa dukani. Anasema na yeye anakusalimu. Hassuna akiandika asubuhi, adhuhuri soko zima linajua nimekula nini, kwa hiyo nitasema machache.

Zeituni tulizimwaga bondeni. Mbuzi walinusa wakapita. Mapipa nimeyasugua kama ulivyosema, yako uani yamepinduliwa, na nyumba ni kimya.

Nataka ujue kitu kimoja. Shangazi ningemshinda. Majirani ningewafukuza, walishanizoea. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilitaka uniambie si yeye, niwape hilo neno niwanyamazishe. Wewe ukaniandikia mikono. Basi nikasema, kama na Naziha aliyesoma anasema mikono, mimi ni nani? Nimelala na neno hilo mwezi mzima. Nampenda yule mwanamke, Hassuna andika hivyo hivyo, usicheke.

Tarehe sita Machi naenda kwa hakimu. Kama kuna kitu hukukiandika, kiandike sasa. Nakuuliza kama kaka yako.

Shadhli, kidole gumba.

Mimi Hassuna sikucheka.


Tunis, 27 Februari 1975

Kaka yangu Shadhli,

Nje ya bahasha nimeandika SIRI, ISISOMWE DUKANI. Sitaki Hassuna ayasikie haya. Mtafute mtu unayemwamini akusomee, lakini usikawie.

Rafika hana kosa. Kosa ni langu.

Mwezi wa Mei nilimwandikia Mama apunguze chumvi kwenye mapipa, nusu yake, na nikalidhihaki yai lake. Rafika alifuata barua yangu na wosia wa Mama. Chachu ile ya waridi ipo kila siku, nadhani ilikuwepo hata mapipa ya babu. Ila katika maji makali ya chumvi inalala tu, haioti wala haitemi kitu. Mama alikuwa anaifunga kwa chumvi miaka yote bila kuijua jina. Mimi ninayeijua jina ndiye niliyeifungulia.

Nilitia zeituni nzima kwenye chupa mbili na chachu ile ile ndani ya zote. Ya kwanza niliiwekea chumvi mpaka yai likaelea. Ya pili nusu. Siku ya saba, zeituni za chupa ya kwanza zilikuwa ngumu zinalia. Za pili niliziminya kwa vidole viwili zikatoka kokwa.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi. Jaribio hili sikulifanya juzi. Matokeo yalikuwa mezani kwangu siku ile ile niliyokuandikia mara ya kwanza. Niliandika majani, vumbi, hewa, mikono, na yote ni kweli, lakini niliiacha chumvi makusudi. Niliogopa. Wewe uliacha shule ukachunga mbuzi ili mimi nivae viatu. Niliogopa utasema, tumemsomesha ili aje atumwagie mapipa saba bondeni. Nikaona bora liwe kosa la hewa. Sikufikiri litaangukia mikono ya mtu. Halafu nilipojua limeangukia, bado nikanyamaza, na Rafika aliniomba kwa maandishi.

Ningepaswa kuja mwenyewe. Kwa basi kutoka hapa ni mwendo wa saa mbili tu, na mara mbili nimefika kituoni nikarudi, kwa sababu siwezi kukutazama usoni.

Mpelekee hakimu barua hii. Mrudishe mkeo. Mimi nifanye utakavyo.

Naziha.


Tunis, 20 Machi 1975

Kaka Shadhli,

Je, ulipata barua yangu ya tarehe 27? Sijapata jibu kwako wala kwa Rafika. Nimemwandikia mara mbili. Dereva wa basi anasema amekuona sokoni na hukumsalimu. Nijibu hata neno moja, hata kwa mkono wa Hassuna.

Naziha.


Majaz, 15 Juni 1975

Naziha,

Barua zako zote zimenifikia. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kusema ambalo lingekufaa. Leo ninalo, na nina kitu cha kukutumia.

Shadhli hakukujibu kabla ya kwenda kwa hakimu kwa sababu ilimfikia bahasha tu. Hassuna alimsomea maandishi ya nje, akamwambia, "Hii ni siri, mimi simo." Shadhli akaitia kifuani. Alikaa nayo siku tatu akitafuta mtu wa kumsomea siri, na katika nyumba ile mtu wa kumsomea alikuwa mmoja.

Tarehe sita alikuja Testur amevaa jebba, ile kanzu yake ya Idi. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, baba yangu katikati. Nilimwona akigusa kifua, anataka kusema kitu. Aliona aibu kuniomba nimsomee mbele ya baba yangu. Tukaitwa. Hakimu alimuuliza kama kuna suluhu. Akasema hapana, kwa sauti ndogo. Akaniuliza mimi. Nilikuwa na barua yako ya Mei kwenye mkoba, na kwa mwezi mzima nilikuwa nimejiahidi kuitoa. Nilimtazama Shadhli nikaona ameshaamini. Nikasema hapana. Hakimu akaandika.

Nje, kwenye ngazi, alitukimbilia. Akanipa ile bahasha. "Rafika, inasemekana ni siri. Sina mwingine wa kunisomea."

Baba alitaka kuichana. Nikamwambia aache. Nimemsomea yule mtu miaka minne, barua za kodi ya ardhi, barua za jeshi, barua zako zote. Nikaifungua nikaisoma tangu salamu. Nilisoma "Rafika hana kosa" kwa sauti yangu mwenyewe, na watu wanapanda na kushuka. Nilisoma chumvi, nilisoma yai, nilisoma chupa mbili. Sikuruka neno. Nilipofika kwenye "mrudishe mkeo" alikuwa amekaa chini kwenye ngazi na jebba lake jeupe, amejishika kichwa.

Akasema, "Turudi ndani. Hakimu bado yupo, turudi ndani sasa hivi."

Nikamwambia, "Uliposomewa mikono, ulitazama mikono yangu. Kuniuliza hukuniuliza." Nikamrudishia karatasi zake, nikamfuata baba.

Huwa anakuja Ijumaa anakaa na baba. Mimi sitoki. Simchukii, Naziha, na hilo ndilo linaloniuma. Wewe nilikuchukia mwezi mzima wa nne, kisha ikanichosha. Kwa basi ni mwendo wa saa mbili. Ungekuja siku moja ukakaa pale uani ukasema neno moja, chumvi, mbele ya wale wale majirani watano. Ukaandika siri.

Na imebaki siri. Ukweli wako uko mfukoni mwa mtu asiyejua kusoma, na anaona haya kuutoa kwa sababu unamwaibisha dada yake. Ain Tarfa wanajua kuwa nilirudishwa kwa ajili ya mikono, na maabara ilithibitisha. Habari hiyo ilifika Majaz kabla ya godoro langu. Mke wa kaka yangu ametenga unga wake. Mwezi uliopita kulikuwa na harusi ya binamu, wanawake walikaa kuviringa unga wa kuskusi kwa mikono, na mimi nikakaa nao. Bakuli likasogezwa upande wa pili. Hakuna aliyesema neno baya. Waliendelea kuimba.

Ndani ya kifurushi utaikuta barua yako ya Mei. Uliniomba nikutumie uitunze. Itunze.

Utakuta pia chupa ya zeituni. Mti wa baba ulibakiwa na chache Februari, nikazichuma. Nilitia chumvi mpaka yai likaonyesha utosi, na nilizitia kwa mikono hii hii, hadi kwenye viwiko. Nimezionja jana. Zinalia.

Ni nyingi kwangu peke yangu, na hapa hakuna atakayekula kilichopita mkononi mwangu. Wewe ndiye pekee unayejua kuwa hazina ubaya wowote. Uzile.

Rafika.